Dawa haikai ndani ya chembe: kutafuta kosa unapofungia dawa kwenye mafuta na protini

Maswali ninayoletewa na wanafunzi na mafundi sanifu wa maabara, wawe Mbeya, Iringa au Njombe, yanafanana sana. Mtu amechukua dawa isiyopenda maji, ameichanganya na mafuta yaliyoyeyushwa, ameongeza maji yenye protini, amekoroga kwa nguvu, amepoza. Alitarajia maji meupe kama maziwa, yenye chembe ndogo zilizobeba dawa ndani. Amepata kitu kingine. Nimepanga makosa hayo kwa dalili zake, kila dalili ikianza na sababu inayotokea mara nyingi kuliko zote.

Kuna sababu ya kulishughulikia jambo hili huku kwetu. Mbozi na maeneo mengine ya nyanda hizi za juu kusini mwa Tanzania yanafugwa nguruwe kwa wingi, na tegu wa nguruwe yupo. Mabuu yake yakifika kwenye ubongo wa mtu huleta kifafa. Albendazoli ni mojawapo ya dawa za kupambana nayo, lakini haimumunyuki vizuri kwenye maji, na sehemu kubwa ya unachomeza hupita tumboni bila kuingia kwenye damu. Ikiliwa pamoja na chakula chenye mafuta mengi, kiwango chake kwenye damu huweza kupanda hadi mara tano. Lumefantrini iliyo kwenye dawa mseto ya malaria ndiyo kali zaidi: kwa mlo wenye mafuta mengi, ufyonzaji wake ulipimwa ukapanda mara kumi na sita ukilinganisha na tumbo tupu. Mafuta yanasaidia, basi ni haki kujiuliza kama tunaweza kuyaweka pamoja na dawa tangu mwanzo.

Jambo moja la lugha kabla ya kuendelea. Tumezoea neno kuyeyuka kwa mambo mawili: siagi inayeyuka kwenye kikaango, na sukari inayeyuka kwenye chai. Hapa nitatumia kuyeyuka kwa joto tu, na kumumunyuka kwa kitu kinachoingia ndani ya kimiminika kikapotea machoni. Kuyachanganya hayo mawili ndiko kulikozaa nusu ya matatizo yaliyomo humu.

Dalili: unga au sindano ndogo chini ya chupa

Chembe zinaonekana nzuri saa ya kwanza. Kesho yake kuna unga chini, au chini ya hadubini unaona sindano na vijiti vinavyong'aa kati ya chembe za mviringo. Hizo ni fuwele za dawa. Dawa haimo ndani ya chembe, au ilikuwemo ikatoka.

Sababu inayoongoza kwa mbali ni kwamba dawa haikumumunyuka kwenye mafuta tangu mwanzo. Watu hudhani kwamba dawa inayokataa maji lazima ipende mafuta. Sivyo. Dawa hukataa maji kwa njia mbili. Ziko zinazokataa kwa sababu zina asili ya mafuta, kama lumefantrini, na hizo huingia kwenye mafuta bila ubishi mwingi. Ziko nyingine ambazo molekuli zake zimeshikamana zenyewe kwa zenyewe kama tofali lililochomwa vizuri. Hizo hazitaki maji na mafuta pia hayaziingii. Albendazoli iko upande huo. Kiwango chake cha kuyeyuka ni karibu nyuzi 208, wakati mafuta yako yako nyuzi 75. Hata ukikoroga mpaka jioni, unachopata ni vumbi la dawa linaloelea kwenye mafuta. Mashine ikivunja mafuta kuwa chembe, vumbi hilo linabaki nje.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji mashine ya bei kubwa. Yeyusha gramu moja ya mafuta kwenye kichupa cha kioo, ndani ya beseni la maji moto, nyuzi 5 hadi 10 juu ya kiwango cha kuyeyuka cha mafuta hayo. Ongeza dawa miligramu 5, koroga, subiri dakika kumi, inua kichupa mbele ya taa. Kama ni safi kama chai ya rangi, ongeza 5 nyingine. Endelea mpaka ukungu ubaki. Hapo umejua kikomo. Kisha weka tone kwenye kioo cha hadubini, liache lipoe, litazame palepale na tena kesho yake. Dawa inaweza kukaa kwenye mafuta ya moto na kujitenga yakiganda, na ni bora uligundue hilo kwenye tone moja kuliko kwenye lita nzima.

Kipimo kikishindwa, usiende kwenye mashine. Badilisha mafuta kwanza. Jaribu gliserili monostearati badala ya asidi ya steariki, au ongeza mafuta ya maji, yaani yasiyoganda, kama sehemu moja hadi tatu katika kumi ya mafuta yote. Kwa mazoezi, mafuta ya alizeti yaliyosafishwa yanatosha, hata ya parachichi ambayo Rungwe na Njombe hayana shida kupatikana. Kwa kitu kitakachokaribia kumezwa na binadamu, tumia ya daraja la dawa yenye cheti chake. Dawa ya aina ya tofali ikikataa yote hayo, isagwe iwe vumbi laini sana kisha ifunikwe na protini, au uimumunyishe kwenye kimumunyishi (kimiminika kama asetoni au dikloromethani) kinachoikubali. Kuilazimisha kwenye mafuta ni kupoteza mwezi.

Sababu ya pili ni mafuta yenyewe kujipanga upya. Trigliseridi (aina ya kawaida ya mafuta) ikipozwa haraka huganda kwa mpangilio legelege wenye nafasi nyingi, na dawa hukaa kwenye nafasi hizo. Siku zikipita, mafuta hujipanga vizuri zaidi, nafasi zinaisha, dawa inasukumwa nje. Aliyewahi kuacha chokoleti kwenye gari lililopigwa jua, akaikuta baada ya kuganda tena ina ukungu mweupe juu, ameuona mpangilio wa siagi ya kakao ukibadilika. Kakao ya Kyela inanunuliwa kwa ajili ya siagi hiyohiyo. Suluhisho lake ni mchanganyiko: mafuta ya aina moja safi hujipanga kwa unadhifu mno, ya aina mbili tatu pamoja na kidogo ya mafuta ya maji hubaki na vurugu, na vurugu hiyo ndiyo nyumba ya dawa.

Sababu ya tatu huwapata wanaotumia dawa zenye asili ya asidi kama ibuprofeni. Ibuprofeni inafaa sana kwa kujifunzia kwa sababu inayeyuka nyuzi 75 hadi 78 na kuingia kwenye mafuta vizuri. Lakini pH (kipimo cha uasidi) ya maji ikipanda kufika 7, hubeba chaji na kukimbilia kwenye maji. Ukishusha pH baadaye, inajitenga huko huko majini ikiwa fuwele. Pima pH baada ya kuchanganya kila kitu, siyo ya bafa (maji yanayoshikilia pH isibadilike) peke yake.

Dalili: protini imekatika kama maziwa yaliyoharibika

"Mwalimu, nimepata mabonge kama yai la kuchemsha." Ujumbe huu napata karibu kila muhula.

Uliza kwanza joto. Albumini huanza kufunguka karibu nyuzi 60, na protini za maji yanayobaki maziwa yakishaganda huwa taabani kuanzia nyuzi 70. Asidi ya steariki inayeyuka nyuzi 69. Ukitaka kuyaweka hayo mawili kwenye chombo kimoja cha nyuzi 75, unaipika protini. Hakuna ustadi wa kukoroga utakaokuokoa.

Njia ya kutoka ziko tatu, nami nazipenda kwa mpangilio huu. Tumia kaseinati ya sodiamu, ambayo huvumilia joto vizuri pH ikiwa karibu na 7; hii peke yake imewatoa wengi kwenye tope. Isipokufaa, tengeneza chembe za mafuta kwanza kwa emalsifaya (kitu kinachoshikisha mafuta na maji) kama polisobeti 80 au lesithini, zipoze mpaka nyuzi 25, ndipo uongeze protini ikae juu yake kama koti. Ya mwisho ni kuchagua mafuta yanayoyeyuka chini. Siagi ya kakao inayeyuka karibu nyuzi 34, lakini kumbuka itakachofanya ikisafirishwa kwenda Dar es Salaam.

Kama joto halina kosa, tazama pH. Kila protini ina pH ambapo chaji zake zinalingana, haisukumani tena na wenzake, inashikana na kudondoka. Kwa kaseini ni 4.6, kwa albumini ya ng'ombe karibu 4.7. Ndicho kinachotokea maziwa yakigeuka mgando, na ndivyo limau linavyokata maziwa ya moto. Kaa mbali na namba hiyo angalau kwa pH mbili. Hapa watu wa ibuprofeni wananaswa: wakishusha pH kuizuia dawa isikimbie, kaseini inakatika, wakiipandisha kuiokoa kaseini, dawa inakimbia. Kwa dawa hizo tumia jelatini ya aina A, inayobaki na chaji yake katika pH ya chini. Tena asidi ya steariki yenyewe huvuta pH chini kidogo ikishaingia, kwa hiyo bafa iwe na nguvu ya kutosha.

Halafu maji. Maji ya bomba au ya kisima yana kalsiamu, na kalsiamu inaunganisha kaseini na kaseini kama gundi. Nimewahi kumaliza wiki mbili nikibadilisha kila kitu, kumbe mashine ya maji yaliyokenekwa ilikuwa imeharibika na mtu alijaza dumu kwa maji ya bomba kwa nia njema. Siku hizi napima upitishaji umeme wa maji kabla ya kuanza kazi.

Povu nalo linaua protini, ingawa mara chache zaidi. Protini ikitandazwa kwenye uso wa kila kipovu hufunguka na kushikana. Ncha ya sonikaita (mashine inayovunja matone kwa mawimbi ya sauti) iingie karibu sentimita moja chini ya uso wa kimiminika, isiguse kioo, na ifanye kazi kwa vipindi: sekunde kadhaa ikifanya kazi, sekunde kadhaa ikipumzika, chombo kikiwa ndani ya barafu kama mafuta yameshaganda. Ukiona unga wa kijivu chini ya chupa baada ya kutumia sonikaita, hiyo ni titani ya ncha inayoliwa. Acha hapo. Ncha ikaguliwe na fundi anayeijua mashine hiyo. Usiifungue mwenyewe, ndani kuna umeme wa volteji kubwa hata waya ukiwa umechomolewa muda mfupi uliopita.

Wanaoimarisha chembe za albumini kwa glutaraldehaidi: tumia chumba cha kuvuta hewa, glavu na miwani. Ukianza kukohoa au kifua kubana, acha kazi, toka nje, muone daktari, na usirudi kwenye kemikali hiyo mpaka uruhusiwe. Pumu inayoletwa nayo haiishi kwa kupumzika siku moja.

Dalili: tabaka jeupe limepanda juu

Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo chembe kubwa hupanda. Kasi hufuata mraba wa kipenyo: ukipunguza chembe kuwa nusu ya ukubwa, inapanda kwa robo ya kasi. Tikisa chupa taratibu. Kama inarudi kuwa sawa, chembe ni nzima, ni kubwa tu. Ongeza muda wa homojenaiza (mashine ya kuvunja matone) au ongeza emalsifaya. Kama kuna matone ya mafuta yanayong'aa juu ambayo hayachanganyiki tena, chembe zimeungana, na hizo hazirudi. Mara nyingi maji yalikuwa baridi kuliko mafuta wakati wa kuchanganya, mafuta yakaganda kwenye ukuta wa bika kabla ya kuvunjwa. Pasha vyote viwili kufikia joto lile lile, na chombo pia. Umeme ukikatika katikati ya kukoroga, usipoze ukatumaini. Yeyusha upya, uanze.

Dalili: jioni kimiminika, asubuhi uji mzito

Hii ni ya kwetu hasa. Usiku wa Juni na Julai hapa Mbeya nje hushuka chini ya nyuzi 10, na chumba cha maabara kisicho na hita huwa hakiko mbali na hapo alfajiri. Matone ya mafuta yaliyokuwa bado hayajaganda sawasawa huganda usiku, yakageuka kutoka mviringo kuwa vibapa, yaani vipande bapa. Vibapa vina uso mkubwa kuliko mviringo, emalsifaya iliyotosha mviringo haitoshi tena, vibapa vinashikana na unapata jeli.

Angalia kwanza kiasi cha mafuta. Ukipita asilimia 10 unaikaribisha jeli. Punguza, au ongeza emalsifaya, na poza kwa mpango: shusha joto ukikoroga polepole mpaka chini ya nyuzi 20 siku ileile, usiachie usiku ufanye kazi hiyo. Kuvuta jeli changa kwa sindano nyembamba huimalizia kuganda, kwa hiyo tumia pipeti yenye mdomo mpana.

Dalili: hesabu inasema asilimia 97 imefungwa

Nalitaja hili kama tatizo kwa makusudi. Ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linaandikwa kwenye ripoti, linasifiwa, na mwenye kazi anaendelea kujenga juu yake.

Njia ya kawaida ni hii: zungusha chembe kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi ili vizito vizame), pima dawa iliyobaki kwenye maji ya juu, toa kwenye jumla uliyoweka, kinachobaki kiite kilichofungwa. Kwa dawa inayomumunyuka kwenye maji, sawa. Kwa dawa zetu, sikiliza hesabu. Umeweka miligramu 20 kwenye mililita 50. Maji yana uwezo wa kubeba mikrogramu 10 tu za dawa hiyo kwa kila mililita. Mililita 50 haziwezi kubeba zaidi ya miligramu 0.5. Hata kama hakuna punje moja iliyoingia ndani ya chembe, dawa yote ikiwa fuwele za nje, fuwele hizo zitashuka chini pamoja na chembe kwenye sentrifuji, na maji ya juu yataonyesha miligramu 0.5. Toa, gawa, zidisha kwa mia: asilimia 97.5. Namba hiyo ni umumunyukaji wa dawa kwenye maji umevaa nguo nyingine. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya watu na namba ya namna hiyo, na sikuijua mpaka nilipoweka tone chini ya hadubini miezi baadaye.

Fanya hivi. Tone moja kwenye hadubini, kwa vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana kama unavyo. Mafuta yaliyoganda nayo hung'aa kidogo, kwa hiyo andaa chembe tupu zisizo na dawa za kulinganishia. Halafu tenganisha fuwele na chembe: chembe za mafuta hupanda au huelea, fuwele za dawa huzama, basi mzunguko wa taratibu wa dakika chache utatupa fuwele chini na kuacha chembe juu. Kama vyote vinazama pamoja kwa sababu protini ni nzito, osha haraka kwa maji yenye ethanoli kidogo, ukiwa umethibitisha kwa chembe tupu kwamba ethanoli hiyo haizivunji.

Baada ya hapo, pima dawa iliyomo ndani moja kwa moja. Vunja chembe kwa kimumunyishi kinachofungua mafuta na kudondosha protini, chuja, pima kwa HPLC au spektrofotomita (mashine za kupima kiasi cha dawa kwenye kimiminika). Protini ikidondoka huweza kubana dawa ndani yake, ndiyo maana lazima uchukue chembe tupu, uongeze kiasi cha dawa unachokijua, uone kama kinarudi chote. Kisirudi, njia yako ya kupima ndiyo mbovu, chembe hazijakosa. Mwisho jumlisha: iliyo ndani, iliyo majini, fuwele zilizotupwa, iliyobaki kwenye kuta za vyombo. Jumla ikikaa mbali na ulichopima kwenye mizani asubuhi, usiandike namba yoyote bado.

Sentrifuji ikianza kutikisika au kutoa mlio mpya, izime kwa swichi na usiinue kifuniko mpaka isimame kabisa. Sawazisha mirija kwa mizani, siyo kwa jicho. Ikirudia, fundi.

Dalili: dawa inatoka kidogo kisha inagoma

Mchoro wa kutolewa kwa dawa unapanda mpaka asilimia 20 na kunyooka kama barabara ya Igawa. Mwanafunzi anafurahi: dawa inatoka polepole! Huenda. Lakini tumia hesabu ileile. Chembe zina miligramu 10, umeziweka kwenye mililita 500, kimiminika kinabeba mikrogramu 4 kwa mililita. Kikijaa kina miligramu 2, ambazo ni asilimia 20. Chembe hazikugoma, maji yalishiba. Kanuni ni kuwa na angalau mara tatu ya ujazo unaohitajika kumumunyisha dawa yote. Hapa ingekuwa lita saba na nusu. Punguza sampuli, au ongeza kwenye kimiminika sodiamu laurili salfeti (aina ya sabuni) kiasi kidogo, ukipima upya umumunyukaji ndani yake.

Wanaotumia mfuko wa dialisisi (unaopitisha dawa na kuzuia chembe) wapime pia dawa iliyomumunyuka ikiwa peke yake ndani ya mfuko, maana mfuko wenyewe huchelewesha. Na chujio la sindano hunywa dawa. Tupa mililita ya kwanza, linganisha na sampuli isiyochujwa.

Kinyume chake, nusu ya dawa ikitoka dakika kumi za kwanza, dawa iko kwenye ngozi ya chembe. Ilipozwa polepole mno, au emalsifaya ilikuwa nyingi ikaivuta nje wakati wa moto, au haikuoshwa.

Dalili: kimumunyishi hakiishi, au kinaisha ghafla na chembe zina matundu

Hii ni kwa wanaomumunyisha dawa kwenye kimumunyishi kisha kukikausha. Maelekezo mengi yaliandikwa na watu walio usawa wa bahari. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu. Maji huchemka hapa karibu nyuzi 94 au 95. Dikloromethani, ambayo vitabu husema nyuzi 40, kwetu huchemka karibu 34. Ukiiweka kwenye beseni la nyuzi 38 kama maelekezo yalivyosema, inachemka ndani ya matone, na chembe zinatoka na matundu ambayo dawa inayatumia kama mlango. Shusha joto, vuta utupu hatua kwa hatua. Kama geji yako husoma tofauti na hewa ya nje, namba ya kwenye karatasi haitalingana na yako. Tafuta shinikizo halisi. Lakini ukiliacha bika wazi kwenye chumba cha baridi ya Julai, kimumunyishi kinakaa mpaka kesho. Mambo haya mawili yanavutana, kwa hiyo joto la kimiminika lipimwe lenyewe, na siyo kukisiwa kwa hali ya chumba. Otoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu) nayo ina suala hilohilo: kufikia nyuzi 121 hapa geji inatakiwa isome karibu pauni 18 kwa inchi ya mraba badala ya 15.

Ukisikia harufu ya kimumunyishi nje ya chumba cha kuvuta hewa, zima moto wowote uliowaka, toa watu, fungua madirisha, usirudi mpaka msimamizi wa usalama aseme. Asetoni na ethanoli zinawaka. Dikloromethani inalevya na kudhuru. Kikomo cha kimataifa cha mabaki yake kwenye dawa ni sehemu 600 kwa milioni, na hilo halipimwi kwa pua. Mabaki yasimwagwe kwenye sinki. Ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo hapahapa Mbeya, wanaelekeza namna ya kuyateketeza.

Dalili: unga uliokaushwa haurudi kuwa maziwa

Ulikausha kwa kugandisha bila sukari ya kulinda. Barafu inabana chembe pamoja mpaka zinaungana. Ongeza trehalosi au sukari ya kawaida asilimia 5 hadi 10 kabla ya kugandisha. Kwa mashine ya kukausha kwa kunyunyizia, tazama joto la hewa inayotoka: likipita kiwango cha kuyeyuka cha mafuta, unga unanata ukutani. Chupa ya kioo yenye ufa usiivute utupu kabisa, inapasuka kuelekea ndani kisha vipande vinaruka.

Dalili: rangi inafifia

Huwapata wanaojifunza kwa kurkumini ya manjano. Kwenye maji yasiyo na protini yenye pH 7.4, sehemu kubwa yake huharibika ndani ya nusu saa. Weka pH chini ya 7, funga chupa kwa karatasi ya aluminiamu, pima siku ileile. Kufifia kukianza kabla hujafungia, kosa liko kwenye bafa.

Kabla hujaniuliza

Mtu asile wala kupewa chembe hizi, hata kama ni ndugu mwenye kifafa na umehurumia hali yake. Albendazoli ikiua mabuu ndani ya ubongo huleta uvimbe unaoweza kumzidishia degedege, ndiyo maana hutolewa hospitalini baada ya picha za ubongo na pamoja na dawa za kutuliza uvimbe. Kazi ikifika hatua ya kumgusa binadamu, iende kwa kamati ya maadili ya utafiti na kwa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kabla ya kwenda popote pengine.

Kwa mengine yote, ukituma swali tuma na haya: jina la dawa na kiwango chake cha kuyeyuka, jina la mafuta, matokeo ya kipimo cha kichupa, joto la mafuta na la maji wakati wa kuchanganya, pH baada ya kuchanganya, maji yalitoka wapi, na picha mbili za hadubini, moja ya saa ya kwanza na moja ya kesho yake, zikiwa na chembe tupu pembeni. Picha ya simu iliyowekwa kwenye jicho la hadubini inatosha.